Nyika Isiyo Tupu

Mwenyekiti, walimu wangu, waandishi vijana, na ninyi nyote wapenzi wa hadithi za upelelezi, nashukuru kwa kunipa jukwaa hili.

Mmenitaka nizungumzie riwaya za uhalifu za kaskazini ya mbali: Alaska, kaskazini mwa Kanada, Greenland, na nchi ya Wasami kule juu ya Norway na Sweden. Nazipenda sana riwaya hizi, na kwa sababu nazipenda, nina ugomvi nazo. Tazameni majalada yake. Theluji mpaka upeo wa macho, mstari mmoja wa nyayo, mti mkavu, basi. Msomaji hajafungua hata ukurasa wa kwanza na tayari ameshaambiwa kwamba anaingia mahali patupu. Kisha mpelelezi anateremka kwenye ndege ndogo akitoka mjini, na hadithi inaanzia hapo, kana kwamba kabla ndege haijatua hapakuwa na watu wala mambo yao.

Sisi tunaijua picha hiyo. Vitabu vingi vya wageni vya enzi za ukoloni viliichora nchi yetu hivyohivyo: pori, simba, mzungu na bunduki yake, na nyuma safu ya wapagazi wasio na majina. Kwa hiyo ninaposoma riwaya ya Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, ambamo mwenyeji anatokea kurasa mbili, anaonyesha njia, halafu haonekani tena, roho inaniuma. Jambo ninalotaka kulitetea leo ni moja. Kaskazini si tupu, na mwandishi anayeichukulia kuwa tupu huwa amewafukuza mashahidi wake kabla kesi haijaanza.

Niwape kesi za kweli, maana ndizo zilizonifundisha kuzisoma hizo za kubuni.

Mwaka 1871 serikali ya Marekani ilimtuma Charles Francis Hall na meli ya Polaris kuitafuta Ncha ya Kaskazini. Walitia nanga kaskazini-magharibi mwa Greenland. Tarehe 24 Oktoba Hall alirudi kutoka safari ya majuma mawili barafuni. Akaingia melini, akapewa kikombe cha kahawa, akanywa, na muda si muda akaanza kuugua. Alitapika, akaweweseka, akawashutumu watu wa melini kwamba wanamtilia sumu. Kuna siku alikataa kabisa kutibiwa na daktari wa msafara, Mjerumani Emil Bessels, akapata nafuu. Alipokubali tena matibabu, hali ikageuka. Tarehe 8 Novemba akafariki. Wakamfunga bendera ya nchi yake, wakamzika ufukweni katika kaburi la kina kifupi, kwa kuwa ardhi ya kule imeganda daima na haichimbiki.

Tume iliyokaa Washington mwaka 1873 ilihitimisha kwamba alikufa kifo cha kawaida, yaani kiharusi. Lakini mbele ya tume hiyo alisimama mwanamke wa Kiinuit, wenyeji wa Aktiki, Taqulittuq, ambaye Wamarekani walimwita Hannah. Yeye na mumewe Ipirvik walikuwa na Hall kwa miaka mingi, ndio waliokuwa ulimi wake na macho yake katika nchi ile. Akaeleza kwamba Hall mwenyewe alimwambia ile kahawa ndiyo iliyomdhuru. Ushahidi ukaandikwa, karatasi zikawekwa, na suala likafungwa.

Likafungwa karibu miaka 100. Mwaka 1968 Chauncey Loomis, ambaye hakuwa polisi bali mwalimu wa fasihi wa chuo kikuu, alikwenda Greenland na kulifungua kaburi. Barafu ilikuwa imemhifadhi Hall na ngozi yake na nywele zake. Wakakata ukucha na nywele, wakazipeleka kwenye maabara ya uchunguzi wa jinai Toronto. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa mwandishi wa upelelezi anapata somo. Ukucha hukua polepole kutoka kwenye shina kwenda kwenye ncha, kwa hiyo sumu inayoingia mwilini huacha alama yake mahali pake, kwa mpangilio wa siku. Ncha ya ukucha wa Hall ilikuwa na arseniki kidogo. Kadiri walivyokaribia shina ndivyo arseniki ilivyozidi. Maabara ikasema wazi: mtu huyu aliingiza mwilini arseniki nyingi katika majuma mawili ya mwisho ya maisha yake.

Majuma mawili, yaani tangu kahawa. Wapo wanaokumbusha kwamba dawa za zama zile zilikuwa na arseniki, na kwamba huenda Hall alijitibu mwenyewe akajidhuru. Hoja hiyo haidharauliki, na hakuna aliyewahi kushtakiwa. Lakini mimi nashangazwa na kitu kingine. Kila mara kisa hiki kinaposimuliwa, shujaa ni maabara, shujaa ni barafu iliyotunza siri. Siri gani? Taqulittuq alishasema. Barafu ilirudia tu, miaka 95 baadaye, kile ambacho mwanamke yule alikuwa ameelekeza kidole mbele ya tume.

Na msifikiri watu wale walikuwa wasindikizaji. Baada ya Hall kufa, usiku wa dhoruba mwaka 1872, watu 19 walitengana na meli wakabaki juu ya kipande cha barafu kinachoelea. Walikuwamo watoto, mmoja mchanga wa miezi michache. Walikaa humo tangu Oktoba hadi mwisho wa Aprili, wakichukuliwa na maji maelfu ya kilomita kwenda kusini. Wote 19 waliokolewa hai. Aliyewalisha ni Ipirvik, pamoja na Mwinuit mwenzake wa Greenland, Hans Hendrik, waliokuwa wakikaa penye matundu ya barafu gizani wakivizia sili. Riwaya inayoweza kuwachukua watu hao na kuwafanya kivuli cha nyuma ni riwaya isiyojua utajiri ilioushika mkononi.

Kisa cha pili ndicho maarufu kuliko vyote kule, na kimezaa vitabu na filamu kadhaa. Julai 1931 mtu asiyejulikana alifika Fort McPherson, kaskazini-magharibi mwa Kanada, akajiita Albert Johnson. Hakupenda maneno. Alijenga kibanda kidogo cha magogo kando ya Rat River. Kufikia Desemba wategaji wanyama wa Kigwich'in, wenyeji wa bonde lile, walilalamika polisi kwamba kuna mtu anayefyatua mitego yao. Mitego ndiyo chakula, ndiyo duka, ndiyo ada ya mwaka mzima. Konstebo Alfred King na askari msaidizi Joe Bernard wakasafiri na mbwa wao siku kadhaa kwenda kumuuliza tu. Wakabisha hodi. Johnson alikuwamo ndani, moshi unatoka bombani, lakini hakujibu hata neno.

Ningependa waandishi vijana mkae kidogo na mlango huo. Mjini, askari akikosa jibu mlangoni anapiga simu, na baada ya nusu saa hati ya upekuzi iko mikononi. Hapa King alilazimika kusafiri hadi kituo cha Aklavik kuifuata hati, kisha kurudi tena. Tarehe 31 Desemba alibisha kwa mara nyingine, na risasi ikapita mlangoni ikampiga. Wenzake wakamfunga kwenye gari la kukokotwa na mbwa, wakakimbia naye yapata kilomita 130 hadi hospitali ya Aklavik, kwa muda wa saa 20 hivi, katika baridi ya kuganda mate. Akapona. Umbali ndio uliotengeneza kisa chote hiki. Kila hatua ya sheria ilichukua siku, na katika siku hizo yule mtu ndani ya kibanda alikuwa akifikiri, akichimba, akijiandaa.

Polisi walirudi Januari na watu tisa, mbwa 42 na baruti. Walikilipua kibanda, na Johnson akaendelea kufyatua risasi akiwa katika shimo alilochimba sakafuni. Wakaishiwa nguvu kwa baridi, wakaondoka, waliporudi hayupo. Tarehe 30 Januari walimkuta bondeni, akamuua Konstebo Edgar Millen, akapanda ukuta wa mwamba usiku akatoweka. Kisha akafanya jambo lililoonekana haliwezekani: akavuka milima ya Richardson peke yake, katikati ya dhoruba, bila moto wa kuonekana.

Nani aliyejua kwamba amevuka? Si ndege. Ndege ya rubani Wilfrid May ilikuwa imeletwa, mara ya kwanza kule kutumia ndege kumsaka mtu namna hiyo, na magazeti na redio za Amerika Kaskazini zilijaa habari zake. Habari ya kuvuka ililetwa na mwenyeji aliyetoka upande wa pili wa milima akisema kwamba nyayo ngeni za viatu vya theluji zimeonekana karibu na La Pierre House. Viatu vya theluji kule mtu alijitengenezea mwenyewe, na katika nchi ambayo kila mtu anazijua njia za mwenzake, alama ya mgeni inasomeka. Ndipo May akaruka upande wa Yukon na kuona kutoka angani ujanja wa Johnson: alikuwa akivua viatu vyake vya theluji na kutembea katikati ya mto ulioganda, ndani ya njia iliyokanyagwa na kundi la kulungu wa Aktiki, ili nyayo zake zimezwe na zao. Alikuwa akitoka njiani usiku tu, kwenda kulala. Tarehe 17 Februari 1932 walimfikia kwenye Eagle River, akauawa kwa risasi.

Mfukoni alikutwa na zaidi ya dola 2,000, fedha nyingi sana kwa mwaka ule. Jina lake la kweli halikujulikana. Mwaka 2007 kaburi lake Aklavik lilifunguliwa kwa ridhaa ya watu wa pale, na vipimo vya DNA vikaonyesha kwamba hana undugu na familia zilizodai ni mtu wao. Na kama kweli ni yeye aliyekuwa akifyatua mitego ile, hilo halikuthibitishwa kamwe.

Tangu hapo dunia inauliza: Johnson alikuwa nani? Mimi nauliza kuhusu wale wengine. Joe Bernard aliyebisha mlango ule siku ya kwanza. Lazarus Sittichinli, askari msaidizi wa Kigwich'in wa Aklavik, aliyekuwapo King alipopigwa risasi na aliyekuwa katika msako ule hadi mwisho. Hao hawakuwa na fumbo lolote la utambulisho, na labda ndiyo sababu waandishi wakawapita. Tumefundishwa kumpenda mtu mmoja mweupe asiye na jina anayepambana na theluji, tukasahau kwamba theluji ile ina wenyewe, wanaoamka asubuhi kuikanyaga kwenda kukagua mitego.

Kisa cha tatu ndicho ninachokiona kuwa kizito kuliko vyote kwa mtu anayetunga hadithi za upelelezi. Mwaka 1913 mapadri wawili Wafaransa, Jean-Baptiste Rouvière na Guillaume LeRoux, waliuawa karibu na mto Coppermine, kaskazini mwa Kanada. Habari zilipofika kusini, polisi walimtuma Inspekta Denny LaNauze mwaka 1915. Safari yake ilimchukua miaka miwili kabla ya kurudi na watuhumiwa. Alikuwa na mkalimani Mwinuit, Ilavinik. Walipofika kwa watu wa eneo lile, Ilavinik aliketi nao, akazungumza kwa heshima, akauliza. Wakamwambia. Mzee mmoja, Koeha, alisimulia jambo zima mwanzo hadi mwisho: nani, wapi, kwa nini. Wauaji walikuwa Sinnisiak na Uluksuk, na walipokamatwa walikiri na kueleza: padri LeRoux aliwalazimisha kukokota mizigo yake katika dhoruba huku akiwatishia kwa bunduki, wakaogopa kwamba atawaua, wakamtangulia.

Mnaona kinachotokea hapo? Riwaya ya kawaida ya upelelezi imejengwa juu ya siri: hakuna anayejua, mpelelezi mmoja anagundua. Kaskazini, mara nyingi kila mtu anajua. Kambi nzima inajua, na imejua kwa miaka. Fumbo ni la mgeni peke yake. Kwa hiyo swali linalobeba hadithi haliwi tena nani kaua. Linakuwa: huyu aliyekuja ataulizaje, kwa lugha gani, kwa adabu gani, na akishaambiwa atalifanyia nini neno alilopewa? Mtu anayeweza kuandika riwaya juu ya swali hilo atanifanya nikeshe.

LaNauze aliwapeleka Edmonton, Agosti 1917, kwenye joto ambalo hawakuwahi kulijua. Jopo la raia wa mjini likamwachia Sinnisiak kwa kifo cha Rouvière. Serikali haikuridhika, ikahamishia kesi ya LeRoux Calgary, na huko wote wawili wakatiwa hatiani, na jopo likaomba wahurumiwe. Hukumu ya kifo ikabadilishwa, na mwaka 1919 wakaachiliwa warudi kwao. Kati ya watu waliowahukumu hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kukokota mzigo katika dhoruba ya nchi ile.

Jaji aliyeligeuza hilo ni Jack Sissons, aliyeteuliwa mwaka 1955 kwa mahakama ya Maeneo ya Kaskazini-Magharibi ya Kanada. Alishika msimamo kwamba kesi isikilizwe pale jambo lilipotokea, mbele ya majirani wa mshtakiwa, hata kama mahakama nzima, karani, mawakili na majoho yao, ingepasa kupakiwa kwenye ndege na kutua juu ya ziwa lililoganda. Wachongaji wa Kiinuit walizichonga kesi zake kwenye mawe, sanamu ndogondogo za watu waliokuwa kizimbani, na sanamu hizo zimewekwa kwenye jengo la mahakama mjini Yellowknife. Leo mahakama ya Nunavut, eneo la Wainuit kaskazini mwa Kanada, bado inasafiri kwa ndege kijiji hadi kijiji, kwa kuwa vijiji vyake 25 havijaunganishwa kwa barabara hata kimoja.

Kuna mahali pamoja tu katika hadithi zangu za leo palipokuwa patupu kweli. Ni kisiwa cha barafu kilichoitwa T-3, kilichokuwa kikielea Bahari ya Aktiki na kituo cha utafiti cha Marekani juu yake. Julai 1970 mtu mmoja alimpiga mwenzake risasi pale, katika ugomvi ulioanzia kwenye mtungi wa divai ya zabibu kavu waliyojitengenezea. Bunduki yenyewe ilikuwa mbovu, inaweza kufyatuka bila kuguswa kifyatulio. Basi wanasheria wakakwama. Barafu si nchi kavu. Je, ni meli? Haina nahodha. Iko wapi? Leo hapa, mwezi ujao kwingine. Mshtakiwa alishtakiwa Virginia kwa kuwa ndiko ndege iliyomleta ilikotua, akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, rufaa ikatengua hukumu mwaka 1972, na kesi iliporudiwa akaachiwa. Ndivyo sheria inavyokuwa mahali pasipo na wenyeji: inatapatapa kutafuta pa kukanyaga.

Sasa nije kwenye vitabu vyenyewe, kwa ufupi, maana najua mnataka kujua muanzie wapi. Dana Stabenow, aliyezaliwa na kukulia Alaska, alianza mwaka 1992 mfululizo wa Kate Shugak, mpelelezi wa Kialeut, wenyeji wa Alaska, aliyeacha kazi ya mjini na kurudi kwenye ardhi ya ukoo wake. Kitabu cha kwanza kilipata tuzo ya Edgar, ya Marekani kwa hadithi za uhalifu. Kate anapomhoji mtu, mtu huyo ni shangazi yake, au mtoto wa jirani, na kesho atakutana naye tena. Olivier Truc, Mfaransa anayeishi Sweden, ameandika kuhusu kikosi halisi cha Norway, polisi wa kulungu, kilichoanzishwa mwaka 1949 kushughulikia wizi na migogoro ya malisho. Kulungu wa Wasami wana alama za kukatwa masikioni, kila mfugaji na alama yake, na mwizi mjuzi huyatupa masikio kwanza. Wafugaji wa kwetu wanaochanja masikio ya ng'ombe hawahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini ningewasihi zaidi mumsome Ann-Helén Laestadius, Msami wa Kiruna, kaskazini mwa Sweden. Riwaya yake iliyotoka Sweden mwaka 2021 na kuchaguliwa kitabu cha mwaka inaanza na Elsa, msichana wa miaka tisa, anayemkuta mtu amemuua ndama wake wa kulungu. Anamwona uso. Mtu yule anamtisha anyamaze. Familia inaripoti, kama ilivyoripoti mara nyingi kabla, na polisi wanaandika neno moja: wizi. Faili linafungwa. Hakuna maiti ya mtu, hakuna mpelelezi mjanja aliyeletwa na ndege. Kuna mtoto anayejua, anayekua akiwa anajua, katika kijiji ambako muuaji anapita na gari lake mbele ya nyumba. Hayo si mambo ya kubuniwa hewani. Wasami wamekuwa wakilalamika kwa miaka kwamba kuuawa kwa mifugo yao kunaandikwa kama wizi wa kawaida na kesi zinafungwa bila mtu kukamatwa. Laestadius ameandika uhalifu kutoka ndani ya hema, si kutoka dirisha la ndege, na baada ya kumsoma, yale majalada meupe niliyoyataja sikuweza tena kuyatazama kwa utulivu.

Kwenu waandishi vijana, ambao najua mna miswada mezani: mkipeleka maiti yenu porini, popote pale, kabla ya kumleta mpelelezi tafuteni kwanza ni nani aliyepita njia ile asubuhi, alikuwa akienda kufanya nini, na kwa nini hajaulizwa. Huyo mpeni jina, mpeni kazi, mpeni hoja yake mwenyewe, hata kama anamkera mpelelezi wenu.

Vitabu nilivyovitaja viko pale mezani, na mwenyekiti amekubali vizunguke kwa kuazima. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nadhani tuna muda wa maswali, na ningependa tuanze na wale wanaomtetea Johnson, maana nimeona nyuso zenu.